Unga Uliolala

Katika mtaa ule wa Pangani, Bi Saleha hakuwa na haja ya kumwambia mtu kwamba leo anaoka mkate. Harufu ilitangulia kusema. Ilitoka uani kwake, ikapita juu ya ua wa makuti, ikaingia nyumba hii na ile. Hapo watu walikumbuka salamu.

"Hodi, Bi Saleha! Tumepita tu kukujulia hali."

Bi Saleha alicheka. Alijua hali wanayoitafuta imo ndani ya sufuria.

Hakuwa na tanuri wala jiko la umeme. Alioka kama mama yake alivyooka, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Siri ya mkate wake, alisema, ni kukanda. Aliukanda unga mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio.

Aliyeupenda mkate huo kuliko wote ni mumewe, marehemu Ayubu. Ayubu alikuwa mfanyakazi wa kivuko, pale mtoni. Mgeni akisifu mkate, Ayubu ndiye aliyeitika asante, utadhani ndiye aliyekanda. Alipougua, rafiki yake Mwinyijuma alikuja kumtazama. Ayubu akamwambia mbele ya mkewe:

"Mkinisomea hitma, msiwape watu boflo la dukani. Wapeni mkate wa mkono wa Saleha."

Walicheka wote watatu. Lakini Ayubu alipozikwa, maneno yale hayakuwa mzaha tena. Yalikuwa wasia. Kila mwaka, siku ya hitma, wasomaji wa Kurani walikunywa chai kwa mkate wa mkono wa Saleha.

Mwaka huu mikono ilikataa.

Ilianza kidogo kidogo. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu, havitaki kukunjika. Kisha viungo vikavimba. Usiku maumivu yalimwamsha. Aligeuka huku, akageuka huku, mpaka adhana ya alfajiri. Hakumwambia mtu. Mbele ya watu aliificha mikono ndani ya kanga, kama mtu anayesikia baridi. Na Pangani, jamani, nani anasikia baridi?

Hitma ilipokaribia, Bi Saleha alitia unga kwenye bakuli akaanza kukanda. Alikanda kidogo akaacha. Alijaribu kwa ngumi, akajaribu kwa viwiko. Maumivu yalipanda mpaka begani. Binti yake Hasina aliporudi kutoka sokoni, alimkuta ameketi juu ya kibao, machozi yanamtoka, na unga umemganda vidoleni.

"Mama! Una nini?"

"Moshi," alisema Bi Saleha.

Hasina alitazama jiko. Halikuwa limewashwa.

Akachuchumaa mbele ya mama yake, akaishika ile mikono polepole. Ndipo alipoona vile viungo vilivyovimba. Moyo ulimuuma. Wanaishi nyumba moja, wanakula sinia moja, na yeye hakuwa ameona.

"Mama, kwa nini hukusema? Nipe mimi nikande."

"Wewe kanda wa kwako. Huu ni wa baba yako. Alisema mkono wangu."

"Baba angekuona hivi, angekubali?"

"Baba yako hayupo kukubali. Ndiyo maana inaitwa wasia."

Hasina alianza kumbandua ule unga vidoleni.

Jioni ile jirani yao Dorkasi alikuja kurudisha chekeche. Dorkasi alikuwa mwenyeji wa milimani, Mlutheri, na mtaani wote walimwita Mama Edgar. Kabla ya kuhamia Pangani alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Amani.

"Shikamoo, Bi Saleha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Mama Edgar aliketi. Bi Saleha alimpa kahawa, lakini kikombe kilimponyoka. Kahawa ikamwagika mkekani. Mama Edgar alichukua kitambaa. Alipangusa mkeka, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Inauma tangu lini?"

Labda ni ile sauti. Labda ni kuchoka kuficha. Bi Saleha alimweleza yote, ya mikono na ya hitma.

"Kwanza, zahanati," alisema Mama Edgar. "Mikono hiyo inataka kuonwa na daktari. Msije mkaipaka mafuta ya taa mkanyamaza. Pili, huo mkate unaweza kuuoka bila kukanda."

"Bila kukanda?" Bi Saleha alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama Edgar, hata kama mimi ni mgonjwa, usinifanye mtoto."

"Kweli kabisa. Kule Amani wageni walikuwa wengi na wapishi wawili tu. Tungekanda mikate yote ile, nani angepika wali? Tulichanganya unga na maji, chumvi na hamira kidogo sana. Tukaufunika. Tukauacha ulale. Asubuhi tukaoka."

Bi Saleha alisita. "Mkauacha ufanye nini?"

"Ulale. Usiku kucha."

Uso wa Bi Saleha ulibadilika. Kwake yeye, kitu kilicholala ni kiporo. Wali uliolala walipewa kuku. Mchuzi uliolala ulimwagwa. Tangu aolewe, mgeni hajapata kutiliwa kitu kilicholala nyumbani kwake. Yeye mwenyewe hakula kiporo hata siku za dhiki. Afadhali alale na njaa.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa adabu. "Lakini hitma ya Ayubu siwezi kuisomesha kwa unga uliolala."

Mama Edgar aliona mlango umefungwa. Aliaga, akaenda zake.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kuagwa. Asubuhi, Hasina alipotoka, Bi Saleha alifikiri peke yake. Bila kukanda, sawa. Lakini kulala kwa nini? Kama ni kuumuka tu, si auharakishe?

Akatia unga bakulini. Akatia hamira, si kidogo, vijiko vitatu vizima. Akamimina maji ya moto yaliyotoka jikoni sasa hivi. Akakoroga kwa mwiko. Unga ukawa mzito, unanata. Bi Saleha hakupenda kunata. Tangu utotoni alifundishwa kwamba unga mzuri haushiki mkono. Akaongeza unga mkavu. Ukanata bado, akaongeza tena. Kisha akaliweka bakuli juani, juu ya bati la banda la kuku, ili uumuke upesi.

Haukuumuka. Ulikauka juu, ukapasuka. Bi Saleha akauoka hivyo hivyo, huku akisoma bismillahi.

Hasina aliporudi alikuta kitu cha duara juu ya sinia. Alikigonga kwa kidole. Ko! ko! Akajaribu kisu. Kisu kikateleza.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mkate wa Mama Edgar."

"Mkate? Na uzio wetu unavyotaka tofali!"

Bi Saleha alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamshinda. Wakacheka mpaka wakashikana. Waliwatupia kuku kipande. Jogoo alidonoa mara moja, akawatazama, akaenda zake.

Kisha kicheko kikamwishia Bi Saleha. Alisema polepole:

"Hasina, hitma ndiyo hiyo imefika. Nitawaambia nini watu? Nitamwambia nini baba yako?"

Kuuliza si ujinga. Hasina hakungoja aambiwe. Alijifunga kanga, akaenda kumwita Mama Edgar.

Mama Edgar alikuja, akalitazama lile tofali. Hakucheka, ingawa midomo ilimtetemeka.

"Maji uliyotia yalikuwa ya moto?"

"Ya moto."

"Basi uliiua hamira. Hamira ni kitu hai, Bi Saleha. Inakula ule unga, inapumua. Pumzi yake ndiyo inayouinua mkate. Ukiimwagia maji ya moto, inakufa. Chukua maji ya mtungini, yanatosha. Pangani hapa joto lenyewe linaisaidia."

"Na kunata?"

"Uache unate. Ule unyevunyevu ndio unaofanya kazi mahali pa mikono yako. Unga ukipata maji ya kutosha na muda wa kutosha, unajishika wenyewe. Kukanda ni kuuharakisha tu. Kama huna mikono, tumia muda."

Bi Saleha alitikisa kichwa. "Yote nimeyasikia. Lakini ulale! Mama Edgar, sisi hatuwapi wageni kiporo."

Mama Edgar alifikiri. Kisha akauliza:

"Mkate wa kumimina mnaukandaje?"

"Haukandwi! Ule si uji wa mchele? Utaukandaje?"

"Na huo mchele mnaanza nao vipi?"

"Tunauroweka."

"Saa ngapi?"

"Jioni. Unalala majini mpaka—" Bi Saleha akakwama.

Hasina alijiziba mdomo kwa kanga.

"Unalala majini," Mama Edgar alirudia taratibu. "Na asubuhi mnausaga, mnautia hamira, mnaumimina. Mchele wa vitumbua nao unalala vilevile. Nimeishi hapa miaka, sijasikia mtu akiita kitumbua kiporo. Kiporo ni chakula kilichopikwa kikalala. Huu haujapikwa. Huu unapumzika kabla ya safari."

Bi Saleha alimtazama Hasina, akamtazama Mama Edgar. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa na ulimi wake mwenyewe.

"Haya, Mama Edgar. Umenipata. Nifundishe."

Siku ya Alhamisi, baada ya magharibi, wote watatu walikaa uani. Mama Edgar hakugusa kitu. Alikunja mikono, akaelekeza kwa maneno tu.

"Unga wa ngano, vikombe vitatu. Kikombe chochote cha chai, mradi maji nayo uyapime kwa kikombe hicho hicho."

Bi Saleha alipima.

"Chumvi kijiko kimoja cha chai. Hamira robo ya kijiko. Usizidishe. Hamira nyingi ni ya mwenye haraka."

"Na mwenye haraka ameshaoka tofali," alisema Hasina.

"Nyamaza wewe," alisema Bi Saleha, lakini alitabasamu.

Alichanganya vile vikavu kwanza. Kisha akamimina maji ya mtungini, kikombe kimoja na nusu. Akakoroga kwa mwiko, taratibu, mpaka hapakuwa na unga mkavu chini ya bakuli. Vidole havikuuma. Ule unga ulikuwa mbaya kuutazama, una mabonge na unanata. Mkono wa Bi Saleha ukanyooka wenyewe kuelekea kwenye unga mkavu.

"Mama!" alisema Hasina.

Mkono ukarudi.

Walifanya hivyo katika mabakuli matatu, kwa sababu wasomaji si haba. Bi Saleha aliyafunika kwa sinia, na juu ya sinia akaweka kawa, kuzuia wadudu. Akayaweka pembeni jikoni, mahali penye kivuli.

"Sasa?"

"Sasa na wewe kalale," alisema Mama Edgar. "Kesho mapema uuangalie. Huku kwenu ni joto, usiuache mpaka adhuhuri, utachacha."

Asubuhi, baada ya sala, Bi Saleha alifunua kawa. Akainua sinia. Akaita kwa sauti:

"Hasina! Njoo uone!"

Unga ulikuwa umejaa bakuli. Juu yake ulikuwa na mapovu madogo madogo, na ulinukia vizuri, uchachu kidogo kama togwa changa. Bi Saleha aliutikisa. Ukatetemeka wote kwa pamoja. Miaka yote ameukanda unga, hajapata kuuona umejaa hivi.

Mama Edgar alikuja akiwa bado na mswaki mkononi. Alimwambia ajipake mafuta vidoleni. Kisha avute ukingo wa unga aukunje katikati, upande huu, na upande ule, mpaka uwe donge. "Kukunja tu. Kama unakunja nguo ya mtoto." Wakafanya hivyo kwa mabakuli yote matatu, wakaacha madonge yapumzike huku makaa yanashika.

Walikoka moto uani, penye upepo.

"Jiko la mkaa halikai chumbani mmefunga mlango," alisema Mama Edgar. "Hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuonya."

Lililobaki Bi Saleha hakuhitaji kufundishwa. Alichukua sufuria lake zito, akalipasha moto, akalipaka mafuta, akatia donge la kwanza. Akafunika. Akaacha makaa machache chini, akapalia mengi juu ya kifuniko. Mama Edgar alimtazama anavyoyapanga kwa koleo, moja moja.

"Makaa haya ya juu kule Amani hatukuyajua," alisema. "Sisi tulikuwa na tanuri. Kwa nini chini umeweka machache?"

"Chini yakizidi, tako la mkate linaungua na katikati unabaki mbichi. Moto wa juu ndio unaoivisha." Bi Saleha aliinua kichwa kidogo. "Na mimi nina la kufundisha, usidhani."

"Sikudhani hata kidogo," alisema Mama Edgar, na alimaanisha.

Ilipita kama dakika arobaini. Harufu ilianza kutoka. Ikapita juu ya ua wa makuti, ikaingia nyumba hii na ile. Muda si muda, mtu akabisha hodi kuja kuwajulia hali.

Bi Saleha alifunua. Mkate ulikuwa umepanda, juu una rangi ya hudhurungi. Alichoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Akautoa, akaupindua, akaugonga chini. Ulilia kama ngoma ndogo. Hasina alitaka kukata papo hapo.

"Acha upoe," walisema wanawake wawili kwa pamoja. Donge la pili likaingia sufuriani, kisha la tatu.

Baada ya alasiri hitma ilisomwa. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani. Mama Edgar alikuwa uani akichemsha chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Dua ilipokwisha, Hasina alipitisha masinia ya mkate.

Bi Saleha alisimama nyuma ya pazia. Jicho lake lilikuwa kwa Mzee Mwinyijuma. Yeye ndiye aliyeusikia wasia kwa masikio yake. Tena Mzee Mwinyijuma hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Na meno aliyobaki nayo yalikuwa machache, kwa hiyo mkate mbaya angeutambua mara moja.

Mzee alimega. Akaminya kile kipande kwa vidole, kikarudi juu. Akala. Akala kingine. Akanywa chai. Kisha akaita kuelekea pazia:

"Bi Saleha! Huu si ule wa kila mwaka."

Bi Saleha aliona aseme kweli. Alitoka, akasimama mlangoni, na safari hii hakuificha mikono ndani ya kanga.

"Si ule, Mzee. Mikono yangu inaumwa, haiwezi kukanda tena. Huu nimechanganya kwa mwiko, nikaulaza usiku. Kama nimevunja wasia wa rafiki yako, nisameheni."

Mzee Mwinyijuma aliitazama ile mikono iliyovimba. Akaweka kikombe chini.

"Nani alipima unga?"

"Mimi."

"Nani alipalia makaa?"

"Mimi."

"Basi mimi nilikuwapo siku ile," alisema Mzee. "Ayubu alisema mkono wako. Hakusema machozi yako. Tena nikwambie, mwaka jana ganda la mkate lilinishinda, nikalichovya sana. Huu ni laini ndani mpaka nafsi inatulia. Hasina, hebu geuza sinia huku, mwanangu."

Watu wakacheka, na masinia yakazunguka tena. Bi Saleha alirudi ndani upesi. Alilia, na safari hii hakusingizia moshi. Mama Edgar aliingia kutoka uani, akamshika bega, wakasimama hivyo mpaka chai ikachemka ikamwagika kule nje.

Wiki iliyofuata Hasina alimpeleka mama yake zahanati. Daktari alimpima, akampa dawa. Akamwambia viungo hivyo avitumie kwa kazi nyepesi, visikae bure, lakini kukanda, kukamua na kubeba ndoo aviache. Bi Saleha alisema kukanda ameshaacha. Daktari alipouliza basi mkate wanaupata wapi, alikaa na kalamu mkononi akisikiliza kisa cha unga uliolala mpaka mwisho. Aliuliza tena vipimo, kwa ajili ya mkewe.

Siku hizi mtaani wanaoka wengi. Mwenye mtoto mgongoni anaoka. Mwenye kibarua cha kutwa anachanganya unga usiku, anaoka asubuhi. Asiyekuwa na makaa ya kutosha anapika donge dogo. Wanaokosea ni walewale wa hamira nyingi na maji ya moto, na wote wanatumwa kwa Bi Saleha, naye huwaonyesha lile tofali. Alilihifadhi, si mchezo, liko dirishani.

Lakini lililomshangaza Hasina zaidi lilitokea asubuhi moja, dawa zilipokuwa zimeshika mwilini. Mkate wa jana ulibaki kipande. Hasina alijikatia yeye, akampelekea mama yake chai na mihogo. Alimjua mama yake. Kitu kilicholala hakigusi.

Bi Saleha alitazama sahani ya Hasina.

"Mbona mimi hunipi mkate?"

"Mama, huu ni wa jana. Umelala."

"Najua umelala. Hata unga wake ulilala." Bi Saleha alinyoosha mkono, vidole vikakunjika polepole, akakichukua kile kipande, akakichovya katika chai. "Acha nile, mwanangu. Leo na mimi nimelala usiku kucha."